Sura ya Sita: Mpatanishi Aliyeitwa Shahidi

Watu wa Bura hawahitaji kufundishwa kwamba wema wa mgeni hupimwa baada ya mgeni kuondoka. Mwaka 1977 Benki ya Dunia ilikubali kuikopesha Kenya fedha za mradi mkubwa wa umwagiliaji upande wa magharibi wa Mto Tana, na wafadhili wengine wakafuata. Familia za kwanza zilihamia mwaka 1981 kutoka sehemu mbalimbali za nchi, zikapewa mashamba ya pamba na mahindi, na vijiji vyao vikaitwa kwa nambari. Maji yalivutwa kwa pampu za dizeli. Dizeli ilipopanda bei na pampu kuchakaa, mifereji ilikauka na wengi wakabaki na deni na ardhi isiyo na maji. Finland nayo ilifadhili mashamba ya miti ya kuni, ikajaribu miti inayostahimili ukame, prosopis ukiwamo. Mradi ulidorora, lakini prosopis, ambao wenyeji wanauita mathenge, ulistawi. Leo umeziba malisho na mapito ya mifugo, na miiba yake inawatoboa ng'ombe kwato.

Hakuna aliyekuja Bura akiwa na nia mbaya. Waliokuja walikuwa mainjinia, wataalamu wa misitu na mabalozi wa kutia saini mikataba. Hesabu ya kazi yao iliachiwa walioishi nayo.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo ninayotaka kuipiga katika sura hii, kwa mtu ambaye hakupeleka pampu wala miche popote. Balozi Bethuel Kiplagat alipeleka ugenini ujuzi wa kuwaketisha maadui chumba kimoja. Alifanya hivyo akiwa mtumishi wa serikali, na akaendelea kwa zaidi ya miaka 20 baada ya kuiacha ofisi. Nje ya Kenya jina lake lilitajwa kwa heshima. Nyumbani, hasa kaskazini na mashariki mwa nchi, lilitajwa pamoja na swali. Ukisimulia upande mmoja ukaacha wa pili, utakuwa umesimulia mtu mwingine.

Kutoka makanisani hadi wizarani

Kiplagat hakuanzia kwenye zulia jekundu. Katika miaka ya 1970 alikuwa naibu katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya, NCCK. Zilikuwa zama ambapo makanisa yalibeba mizigo ambayo serikali nyingi za Afrika Mashariki zilikuwa bado hazijajifunza kuibeba: wakimbizi, elimu ya watu wazima, na watu waliokuwa wakirejea makwao baada ya vita. Mfanyakazi wa shirika la kanisa huingia kijijini bila askari na bila bendera. Hana cha kuamuru, kwa hiyo hulazimika kusikiliza, na wengi waliofanya kazi na Kiplagat baadaye walimjua kwa usikivu huo.

Mwaka 1978 alipelekwa Paris kuwa balozi wa Kenya nchini Ufaransa. Miaka mitatu baadaye akahamia London kuwa Balozi Mkuu. Mwaka 1983 aliitwa Nairobi na kufanywa katibu wa kudumu wa Wizara ya Mambo ya Nje, kiti alichokikalia hadi 1991. Mawaziri walikuja na kuondoka. Katibu wa kudumu ndiye aliyejua faili zilikuwa wapi. Ndani ya miaka hiyo minane Nairobi ilikuwa ukumbi wa mazungumzo ya majirani wengi. Mwaka 1985 serikali ya Uganda ya Tito Okello na kundi la waasi la Yoweri Museveni walijadiliana humo kwa miezi, wakatia saini mwezi Desemba. Januari iliyofuata majeshi ya Museveni yakaingia Kampala na mkataba ukabaki karatasi.

Kushindwa kule kulikuwa na funzo ambalo mwanadiplomasia yeyote angelielewa: saini haimfungi mtu anayeamini kwamba wiki ijayo atashinda vitani.

Mlango wa Msumbiji

Vita vya Msumbiji viliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja, wengi wao kwa njaa na maradhi. Upande mmoja ulikuwa serikali ya Frelimo. Upande wa pili ulikuwa Renamo, kundi lililoundwa kwa mkono wa utawala wa Rhodesia na kulelewa na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Kwa Frelimo hao walikuwa majambazi wenye silaha, na jambazi haketi nawe mezani.

Viongozi wa dini ndio walioanza kuuvunja mwiko huo. Mwaka 1989 Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana na wenzao walikutana na Renamo mjini Nairobi, na Agosti mwaka huo kiongozi wao, Afonso Dhlakama, mwenyewe akafika. Rais Moi na Rais Robert Mugabe wa Zimbabwe walichukua nafasi ya wapatanishi, na kwa upande wa Kenya mtu aliyeisukuma kazi hiyo siku kwa siku alikuwa Kiplagat.

Nairobi haikuzaa mkataba. Frelimo waliona Kenya inaegemea Renamo, na Renamo hawakumwamini Mugabe, ambaye askari wake walikuwa ndani ya Msumbiji wakipigana nao. Mazungumzo yakahamia Roma Julai 1990, kwenye jumuiya ya Wakatoliki ya Sant'Egidio, chini ya Andrea Riccardi, padri kijana Matteo Zuppi, Askofu Mkuu Gonçalves na mwanasiasa Mario Raffaelli. Tarehe 4 Oktoba 1992 Rais Joaquim Chissano na Dhlakama wakatia saini mkataba ulionyamazisha mtutu kwa miaka 20.

Tukitafuta mshindi wa hadithi hiyo, sifa zitaenda Roma, na kwa haki. Lakini upatanishi una watu wa mwisho na watu wa mwanzo. Wa mwanzo hutukanwa na pande zote mbili, hutuhumiwa upendeleo, kisha hupisha wengine wamalize. Nairobi ilimfanya Dhlakama kuwa mtu anayeweza kuzungumza badala ya sauti ya redioni kutoka porini. Wakati wino wa Roma unakauka, Kiplagat alikuwa ameshaondoka serikalini.

Na kazi iliendelea baada ya saini. Sengulane na Baraza la Kikristo la Msumbiji walianzisha mwaka 1995 mpango wa kuwabadilishia watu bunduki kwa majembe, baiskeli na cherehani. Msanii Kester alizichukua baadhi ya bunduki zilizokatwakatwa akatengeneza kiti, na kiti hicho sasa kiko kwenye Jumba la Makumbusho la Uingereza, London.

Miaka miwili ya Wasomali

Baada ya kustaafu Kiplagat alianzisha Nairobi taasisi isiyo ya kiserikali, Africa Peace Forum, iliyojishughulisha na migogoro ya Pembe ya Afrika na eneo la Maziwa Makuu. Ilikuwa njia ya kuendelea na kazi ile ile bila gari la serikali.

Somalia ilikuwa imesambaratika tangu Januari 1991. Kwa mkazi wa Bura hiyo haikuwa habari ya mbali. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa karibu na Dadaab, ng'ambo ya Tana, kati ya 1991 na 1992, na pamoja na wakimbizi wenye kuhitaji maji na chakula, bunduki nazo zilivuka mpaka. Mfugaji aliyekuwa akilinda mifugo kwa mkuki alianza kukutana malishoni na mtu mwenye AK-47. Amani ya Mogadishu ilihusu usalama wa ng'ombe wa Tana moja kwa moja.

Mkutano mkubwa wa upatanisho wa Somalia ulifunguliwa Eldoret tarehe 15 Oktoba 2002. Wajumbe waliofika walikuwa wengi mno kuliko walioalikwa, bili za hoteli zikapanda, na ugomvi juu ya nani ni mjumbe halali ukala wiki nyingi. Serikali mpya ya Kenya ilipoingia madarakani ilimteua Kiplagat mjumbe maalumu mapema 2003, akachukua nafasi ya Elijah Mwangale. Mkutano ukahamishiwa Mbagathi, kwenye mabweni ya chuo pembezoni mwa Nairobi, ambako gharama ilikuwa nafuu na vishawishi vya mjini viko mbali kidogo.

Kazi ya Mbagathi ilikuwa ya subira isiyo na mvuto wa kamera. Mbabe wa vita anaondoka kwa hasira. Anafuatwa, anabembelezwa, anarudi. Mzee wa ukoo analalamika kwamba majina ya watu wake yamekatwa kwenye orodha. Orodha inafunguliwa tena. Mwisho bunge la viti 275 liligawanywa kwa koo: viti 61 kwa kila moja ya koo nne kubwa, na 31 kwa jamii ndogo zote zilizobaki. Tarehe 10 Oktoba 2004, katika ukumbi wa Kasarani, wabunge hao walimchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais.

Mtu anaweza kuuliza serikali hiyo ilifaa nini, ikiwa ilishindwa hata kuingia Mogadishu na miaka miwili baadaye ikahitaji jeshi la Ethiopia kuiokoa. Swali ni la haki. Mgawanyo wa viti kwa koo uliokubaliwa wakati huo kama daraja la kuvukia umegeuka nyumba ya kudumu, na jamii ndogo za Wasomali, Wabantu wa Mto Juba wakiwamo, zimelalamika miaka yote kwamba zilihesabiwa nusu ya mtu. Jibu la wapatanishi limekuwa kwamba bila hesabu hiyo mkutano ungevunjika Eldoret. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake.

Sheria iliyofika hadi Tana

Sasa turudi mwaka 1984, Kiplagat akiwa katibu wa kudumu.

Tangu vita vya Shifta vya miaka ya 1960, Mkoa wa Kaskazini Mashariki uliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Kanuni za mwaka 1966 hazikuishia Garissa, Wajir na Mandera. Zilihusisha wilaya jirani za Isiolo, Marsabit, Lamu na Tana River, Bura ikiwamo. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria nyingine ya kuwakinga maafisa dhidi ya kesi kwa waliyoyatenda katika maeneo hayo wakati wa vita vile. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa ukingoni mwa Tana mwaka wa uhuru alikaribia miaka 30 kabla ya kufurahia haki zile zile alizokuwa nazo mtoto wa Nakuru. Hali ya hatari iliondolewa mwishoni mwa 1991.

Ndani ya ukimya huo wa kisheria yalitendeka mauaji ya Bulla Karatasi mjini Garissa mwaka 1980, na ya Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 wanajeshi na polisi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika wilaya ya Wajir na kuwapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Waliwekwa hapo siku kadhaa, juani, bila chakula wala maji. Wengi walipigwa, wengi wakapigwa risasi. Serikali ilitaja vifo 57. Walionusurika wametaja mamia, na wengine maelfu.

Siku mbili kabla ya operesheni, tarehe 8 Februari, maafisa wakuu wa kamati ya ujasusi ya taifa walikuwa wamefika Wajir na kufanya kikao. Katika kumbukumbu za kikao hicho limo jina la katibu wa kudumu wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Watano wa Serena

Kwa zaidi ya miaka 20 jambo hilo halikumzuia Kiplagat kufanya kazi ya amani, wala wenzake kufanya kazi naye. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipolipuka na Wakenya wakaanza kuuana, watu watano walikutana Nairobi na kuanzisha kundi la raia la kudai amani, Concerned Citizens for Peace. Walikuwa Kiplagat, Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliyesimamia mazungumzo ya Sudan, Jenerali Daniel Opande aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa Sierra Leone na Liberia, George Wachira, na Dekha Ibrahim Abdi.

Kila asubuhi walifungua mlango katika Hoteli ya Serena, na yeyote mwenye taarifa au pendekezo aliingia: wachungaji, masheikh, wafanyabiashara, vijana wa mitaa. Waliokuwa wamezoea kwenda kupatanisha majirani walijikuta wanaipatanisha Kenya. Kofi Annan alipowasili kupatanisha Januari 2008 alikuta raia wameshaandaa uwanja. Mkataba wa kitaifa ulitiwa saini tarehe 28 Februari.

Dekha Ibrahim anastahili kuelezwa hapa kidogo. Alikuwa mwanamke wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 yeye na wanawake wenzake walianza na soko la mji, wakihakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila kuzuiwa, kisha wakawafuata wazee na vijana hadi koo zikatia saini azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Kamati za amani za wilaya zilizosambaa baadaye Kenya nzima, Tana River ikiwamo, ziliiga mfano wa Wajir. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood. Huyu, aliyetoka Wajir, alikaa meza moja na afisa aliyekuwa Wajir siku mbili kabla ya mauaji, wakafanya kazi ya kuokoa watu. Ukweli huo hautoshi kumsafisha Kiplagat, lakini unatosha kumzuia mtu kumchora kwa rangi moja.

Kiti na kizimba

Mkataba wa 2008 ulizaa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyopewa kazi ya kuchunguza dhuluma za tangu uhuru hadi Februari 2008. Agosti 2009 Kiplagat aliapishwa kuwa mwenyekiti wake.

Malalamiko yalianza mara moja, juu ya mambo matatu: Wagalla, mauaji ya mwaka 1990 ya Robert Ouko (waziri ambaye Kiplagat alikuwa katibu wake), na ugawaji wa ardhi. Februari 2010 Askofu Mkuu Desmond Tutu na watu wengine waliowahi kuongoza tume kama hizo walimtaka ajiuzulu. Alikataa, akishikilia kwamba hana hatia. Novemba mwaka huo alikaa kando, na Tecla Namachanja Wanjala akashika usukani. Mwaka 2011 tume ilisikiliza ushahidi Wajir, kisha ikamwita mwenyekiti wake mwenyewe kuhojiwa. Mwanzo Kiplagat alikuwa amesema hakumbuki kikao kile cha Wajir. Mbele ya tume alikana kwamba kilipanga mauaji. Mwaka 2012, baada ya mivutano mahakamani, alirudi kwenye kiti.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Hakuna mahakama iliyompata na hatia, na mwandishi asijifanye mahakama. Lakini tume ya ukweli si ofisi ya kawaida. Mjane wa Wagalla alitakiwa kuja kufungua kifua chake mbele ya taasisi ambayo mkuu wake alikuwa miongoni mwa watu anaotaka waulizwe. Sifa zote za Msumbiji na Mbagathi hazikuweza kumpa mjane huyo imani.

Tume hiyo ilikuwa na mwanadiplomasia mwingine mstaafu, Berhanu Dinka wa Ethiopia, aliyewahi kuuwakilisha Umoja wa Mataifa Burundi na Maziwa Makuu. Yeye alikuwa mgeni, mmoja wa makamishna watatu kutoka nje, pamoja na Jaji Gertrude Chawatama wa Zambia na Profesa Ronald Slye wa Marekani. Ripoti ilipokuwa inakamilika mwaka 2013, sura ya ardhi ilibadilishwa dakika za mwisho. Wageni hao watatu walikataa, wakaandika maoni ya kupinga. Kiplagat na wenzake Wakenya waliendelea, na ripoti ikakabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013. Dinka aliweza kusema hapana kwa sababu hakuwa na kitu cha kulinda Kenya. Ugenini ndiko uhuru wake ulikokuwa, kama vile uhuru wa Kiplagat ulivyokuwa Maputo na Mogadishu.

Anayeulizwa hakalii kiti

Tume ikiwa bado kazini, Tana River iliwaka. Tarehe 22 Agosti 2012 watu takribani 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba yakafuata mashambulizi ya Chamwanamuma na Kilelengwani, na Desemba Kipao. Mzizi ulikuwa wa zamani: Waorma wanahitaji malka, mapito ya kuwafikisha ng'ombe mtoni wakati wa kiangazi, Wapokomo wanalima kingo hizo hizo. Siasa za uchaguzi uliokuwa unakuja na bunduki vilimwagia mzizi huo petroli.

Waorma wana wazee wao wa matadeda, Wapokomo wana gasa. Mabaraza hayo yalikuwa yakijadiliana malka na mashamba kabla ya wizara yoyote ya mambo ya nje kuwapo Nairobi. Ukitaka kumpima balozi mstaafu, mpime kwa kikao cha namna hiyo. Mzee ambaye ng'ombe wake ndio walioingia shambani hawezi kukiongoza kikao cha shamba hilo. Anaweza kuwapita wote kwa hekima, na mwaka jana huenda alisuluhisha ugomvi wa kijiji cha tatu ukaisha. Leo atakaa upande wa wanaoulizwa. Mganga hajigangi, anamwita mganga mwenzake.

Kiplagat alifariki Julai 2017. Miaka miwili kabla, Machi 2015, Rais Kenyatta alikuwa ameomba radhi Bungeni kwa dhuluma za zamani, Wagalla ikiwamo, na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia wahasiriwa. Miaka ilipita wakiendelea kudai.

Msumbiji na Somalia zina haki ya kumkumbuka kwa shukrani, na Wajir ina haki ya kuuliza. Kosa lilikuwa kudhani kwamba shukrani ya kwanza inalipa deni la pili. Serikali zetu zinapenda kuwateua mabalozi wastaafu kuongoza tume, kamati na majopo ya amani, na huwa zinatazama orodha ya miji waliyohudumu. Siku jopo la namna hiyo litakapokuja Bura au Garsen, wazee wa pande zote mbili waanze na swali jingine: wakati kanuni za 1966 zilipokuwa zinatumika hapa, wewe ulikuwa ofisi gani, na ulisaini nini? Mwenye jibu la wazi apewe kiti. Asiye nalo tumpe kiti cha shahidi, naye atakuwa ametusaidia vilevile.